Hewa ya ukaa chini ya Goma: maji yapimwe kwanza

Mheshimiwa Mhariri,

Siku hizi utasikia watu wakisema kwamba, kwa kuwa Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, tunaweza kuzika humo hewa ya ukaa ya viwanda vya mbali tukalipwa, kama Iceland. Mawe tunayo, hilo halina ubishi. Ila wanaoisifu Iceland hawataji maji.

Kule Hellisheidi, Iceland, gesi haisukumwi ardhini ikiwa gesi. Huyeyushwa majini kwanza, kama soda, kisha maji hayo hushushwa ndani ya basalti, yaani mawe ya lava iliyopoa, mita 400 hadi 800. Yakishabeba gesi huwa mazito kuliko maji yanayoyazunguka, kwa hiyo hayapandi. Ukali wake wa asidi hung'oa kalisi, magnesi na chuma kwenye jiwe, na madini hayo hushikana na kaboni yakawa jiwe jipya. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2016, zaidi ya asilimia 95 ya gesi iligeuka jiwe katika muda usiofika miaka miwili. Kazi safi kabisa. Lakini kila tani moja ya gesi ilihitaji maji tani 25 hivi. Tani 1,000 tu, ambazo kwa kiwanda kikubwa ni kidogo mno, zingekunywa meta za ujazo 25,000, yaani bidoni 1,250,000 za lita 20. Anayepanga foleni kwenye bomba alfajiri ajipigie hesabu mwenyewe.

Njia nyingine ni ile ya Norway, ambayo ilianza 1996 na kwa miaka mingi ilizika karibu tani milioni moja kwa mwaka huko Sleipner, chini ya bahari. Hapo gesi hugandamizwa. Ikizidi joto la nyuzi 31 na mgandamizo wa bar 74, hali inayopatikana kuanzia mita 800 hivi kwenda chini, hushikamana karibu kama kimiminika na kukaa nafasi ndogo. Hata hivyo hubaki nyepesi kuliko maji ya chumvi ya huko chini, hivyo hutafuta njia ya kupanda saa zote. Kinachoizuia ni kifuniko cha mwamba wa udongo usio na ufa. Sisi tuko katikati ya Bonde la Ufa. Lava ya 2002 na ya 2021 ilitokea kwenye nyufa za ubavuni mwa volkano ya Nyiragongo. Na mazuku, ule upepo mbaya unaoua mbuzi na watoto mabondeni, ni nini kama si hewa ya ukaa iliyopita katikati ya mawe haya haya bila kugeuka jiwe?

Gesi ikifika kwenye maji ya kunywa, yenyewe haina sumu kubwa humo. Tunainywa katika soda. Madhara huletwa na kile inachokiamsha. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (ikishuka, asidi imezidi), hushuka, pengine kutoka 7.5 hadi chini ya 6, na mwamba huanza kuachia chuma, manganizi, wakati mwingine aseniki na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hatari ya pili haihitaji hata gesi ivuje: mgandamizo peke yake huweza kuyasukuma maji ya chumvi yapande kwenye ufa au kwenye kisima cha zamani kilichozibwa vibaya. Visima ndivyo hasa vya kuogopa. Maji yenye ukali hula simenti polepole, lakini mara nyingi njia huwa ni uwazi mwembamba kati ya simenti na bomba la chuma, ulioachwa na fundi siku ya kwanza.

Kupima nako kuna makosa yake. Kabla ya kuchukua sampuli, vuta maji yaliyolala kisimani, walau mara tatu ya ujazo wake. pH ipimwe papo hapo. Ukiyapeleka maabara kesho yake gesi itakuwa imetoka, pH imepanda, na karatasi itasema maji ni mazuri. Chupa ijazwe hadi shingoni, bila povu. Ya kupimia metali ichujwe kwa kichujio cha mikroni 0.45 na kutiwa asidi ya nitriki hadi pH iwe chini ya 2, la sivyo chuma kitaganda ukutani mwa chupa. Ya bikaboneti, yaani kaboni iliyoyeyuka majini, isitiwe asidi kamwe. Matokeo yasomwe pamoja: bikaboneti ikipanda huku kloridi, alama ya chumvi, imetulia, ni gesi, kloridi ikipanda, shuku maji ya chumvi. (Na anayeingia kisimani asitegemee mshumaa. Huendelea kuwaka katika hewa ya ukaa inayotosha kumwangusha mtu.)

Hapa kwetu kuna ugumu zaidi, kwa sababu gesi ya volkano imo tayari, na baadhi ya chemchemi za Virunga zina floraidi kupita kiwango salama cha miligramu 1.5 kwa lita. Bila vipimo vya mwaka mzima, masika na kiangazi, vilivyochukuliwa kabla ya tani ya kwanza kushuka, kampuni yoyote itasema uchafu ulikuwepo. Isotopu za kaboni, yaani aina zake zinazopishana uzito, hutofautisha gesi ya volkano na ile ya mafuta yaliyochomwa, mradi kuwe na sampuli za zamani za kulinganisha. Anayeleta mkataba aje na chupa za sampuli hizo kwanza, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi za mitaa, si mezani kwa waziri tu.

Msomaji wako,
Himbi, Goma