Risala ya Wacheza Dansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali na Uzinduzi wa Ziara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi wa kata na mtaa, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, wasanii wenzetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kukaa nasi alasiri hii. Leo tunawaaga vijana waliohitimu mafunzo ya miaka mitatu ya dansi ya kisasa, na papo hapo tunazindua ziara ya kazi yetu mpya, itakayoanzia Bagamoyo, ipite Mpwapwa na Tabora, na kuishia Ujiji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunafahamu kuwa njia hii hatukuifungua sisi. Mwaka 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere aliuliza ni wangapi, miongoni mwa wasomi waliojua rumba, chachacha na twisti, walioweza kucheza gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Katika miaka hiyo ya 1960 kiliundwa kikundi cha taifa cha ngoma, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Swali la Mwalimu tunaendelea kulijibu kila asubuhi kwa miili yetu, na tumeliongezea la pili: mtu akishazijua ngoma hizo, atazitumia kusema nini ambacho bado hakijasemwa?

Ndiyo maana mafunzo yetu yana pande mbili zinazokwenda pamoja. Mwanafunzi anayeingia hupewa kwanza ngoma. Katika sindimba ya Wamakonde hujifunza kuachia nyonga zitikisike kwa kasi huku mabega na kichwa vikitulia, jambo linaloonekana jepesi kwa mtazamaji lakini humchukua kijana miezi kulipata bila kukaza shingo. Katika ngoma ya msewe ya Pemba hufunga miguuni vifaa vya kulia mfano wa njuga, navyo huitwa msewe, na tangu hapo hawezi tena kujificha nyuma ya mpiga ngoma, kwa sababu kila hatua yake inasikika, na ikichelewa kidogo ukumbi mzima unajua. Baada ya hapo ndipo huingia katika mbinu za kisasa: kuanguka na kuinuka bila kuumia, kumpa mwenzake uzito wa mwili na kuupokea wa kwake, kubuni papo kwa papo, na kuusikiliza uti wa mgongo. Mbinu hii ya mgongo imetufikia kutoka kwa Mama Germaine Acogny wa Senegal, aliyeongoza shule ya dansi ya Mudra Afrique mjini Dakar kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, kisha akaanzisha shule yake, École des Sables, katika kijiji cha Toubab Dialaw. Yeye alijenga mfumo kamili wa mafunzo kutokana na ngoma za Afrika Magharibi pamoja na dansi za nje, na sisi tunaamini kuwa ngoma za kwetu zina utajiri wa kutosha kufanyiwa kazi ya namna hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi utakayoiona leo inawahusu wapagazi wa karne ya 19, waliotembea kati ya maziwa makuu na pwani wakiwa na pembe za ndovu, vitambaa na shanga. Tulianza na uzito. Mzigo wa mpagazi ulifika frasila mbili, yaani takriban kilo 32, na tulitaka kila mchezaji aelewe mwilini mwake maana ya kubeba kiasi hicho kwa wiki na miezi. Kwa hiyo tulikwenda sokoni kwa wachukuzi wa magunia, tukaomba kufundishwa. Mzee mmoja aliwaonesha vijana kuwa gunia zito halinyanyuliwi kwa mikono. Wenzake wawili huliegemeza juu ya mgongo wake akiwa ameinama, yeye hutoa pumzi yote kwanza, ndipo huinuka kwa mapaja, na hatua ya kwanza huwa fupi sana, kama ya mtoto anayejifunza kutembea. Hatua ile fupi ndiyo inayofungua onyesho. Katika mazoezi tulibeba mifuko ya mchanga yenye uzito mdogo zaidi, na kila ilipozoeleka tuliiondoa, tukawataka wachezaji waendelee kutembea na mzigo usiokuwepo. Hapo ndipo kazi ilipozaliwa hasa, maana mwili uliokwisha kubeba hausahau.

Lilikuwapo pia suala lililotugawa kwa muda mrefu. Baadhi yetu walitaka onyesho liwe la maombolezo matupu, lakini historia ilitukatalia. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi walioifanya kazi hiyo kwa ujira, wakiwa na ustadi, nyimbo na heshima yao, wakiongozwa na kirangozi aliyetangulia mbele ya msafara; na wakati huo huo, katika njia ile ile, walipita binadamu waliofungwa minyororo wakipelekwa kuuzwa. Tumewaweka wote jukwaani kwa pamoja, na hatukumwekea mtazamaji wimbo wa kumwambia lini alie. Tunakuomba, Mheshimiwa, ulitazame onyesho kwa utulivu huo.

Kuhusu ziara, tumeamua kwenda kwanza kule ambako msafara ulipita, tukitumia treni ya reli ya kati pale inapofika, kabla ya kufikiria nje ya nchi. Tumejifunza hilo kwa jirani zetu. Faustin Linyekula, mcheza dansi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo aliyeanzisha kikundi cha Gàara jijini Nairobi mwaka 1997 pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen, baadaye aliunda kikundi cha Studios Kabako nchini kwao mwaka 2001, na ingawa kazi zake huoneshwa Ulaya mara kwa mara, makao yake aliyahamishia Kisangani, ambako watu wa mjini humo wanaziona. Hata hivyo, mialiko ya nje nayo inakuja, na mlango wake ni mwembamba. Viza ya Schengen, ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kwa ada ya euro 90 kwa mtu mzima pamoja na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, na ada hairudishwi ombi likikataliwa. Imewahi kutokea mchezaji wetu mmoja akanyimwa na ubalozi fulani siku chache kabla ya safari, tukalazimika kuipanga upya kazi nzima pasipo yeye.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na hayo, jambo linalotuumiza kuliko yote liko chini ya miguu yetu. Tunafanya mazoezi juu ya saruji. Mchezaji akiruka na kutua, miguu yake hupokea nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, na saruji hairudi chini hata kidogo, hivyo nguvu yote huishia kwenye ugoko, magoti na kiuno. Miongoni mwa vijana walioanza na wahitimu wa leo, wapo walioacha si kwa kukosa kipaji bali kwa maumivu ya ugoko yasiyopona. Sakafu inayofaa si anasa wala haihitaji kuagizwa ng'ambo: ni mbao zilizopangwa juu ya viunzi, na vipande vya mpira chini yake, ili inepe kidogo mtu anapotua. Mafundi seremala wa mtaa huu wanaweza kuitengeneza kwa vipande vinavyofunguka, na tukasafiri nayo.

Kwa heshima kubwa, tunaomba utusaidie kupata mbao na ufundi wa sakafu hiyo, na utuombee kwa uongozi wa kata tuutumie ukumbi huu asubuhi za siku za kazi, saa ambazo kwa kawaida huwa umefungwa. Tunaomba pia barua za utambulisho kwa maofisa utamaduni wa wilaya tutakazopita. Na kwa kuwa mara nyingi tunaalikwa kutumbuiza wageni wakisubiri chakula, nasi huitikia kwa moyo, tunaomba siku moja kikundi cha dansi kialikwe katika shughuli ya serikali kuonesha kazi kamili, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mbele ya watu walioketi kuitazama.

Wahitimu wako tayari nyuma ya pazia. Tunakukaribisha, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ulitazame onyesho, kisha uwakabidhi vyeti vyao.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wachezaji, wapiga ngoma na wahitimu wa mafunzo ya dansi ya kisasa.