Nyeupe ningoje kwanza

San Diego, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Picha nimezipata, na shemeji yako naye kazikuza kwenye simu mpaka tukaanza kuhesabu misumari. Hongera sana! Kupata nyumba Pasadena kwa mshahara wa uuguzi si mchezo. Ila hilo wazo la kuipaka nyeupe tupu na madirisha meusi, naomba liweke pembeni. Najua kila nyumba inayokarabatiwa haraka ili iuzwe inapakwa hivyo. Lakini yako, unayosema imenuna, haikununa kwa ajili ya rangi. Imenuna kwa sababu kila kilichokuwa na sura kimefukiwa, na ukipaka nyeupe juu yake utakuwa umekifukia tena.

Nyumba za namna hiyo, bangalo za mtindo uitwao Craftsman, zilijengwa kwa wingi kati ya mwaka 1905 na 1930 hivi, na waliozibuni walitaka kazi ya seremala ionekane nje. Siku ukiwa huna zamu, nenda ukaitazame Gamble House, iko hapohapo mjini kwako. Waliibuni wasanifu wawili ndugu, Charles na Henry Greene, mwaka 1908. Ni jumba la matajiri, na kuta zake ni za vigae vya mbao, si lipu, kwa hiyo usijilinganishe. Wewe inua macho utazame upenu tu: ulivyo mpana, na vichwa vya kombamoyo vilivyoachwa vitokeze bila kufunikwa. Kisha rudi kwako utazame wako. Unavyo! Vimepakwa rangi ileile ya ukuta, ndiyo maana huvioni.

Sasa hiyo lipu. Ziko nyumba zilizopigwa lipu tangu siku ya kwanza, na ziko zilizokuwa na kuta za mbao, baadaye mwenyewe akachoka kupaka rangi, akagongomea wavu wa waya juu ya mbao na kuupiga saruji. Kujua yako ni ipi, simama ubavuni mwa dirisha ulitazame kwa upande. Fremu ikitokeza mbele ya ukuta, huenda lipu ni ya asili, na hiyo usiiguse ila kuitengeneza. Fremu ikiwa imezama ndani, dirisha limekodoa kama mgonjwa aliyetumbukia macho, basi lipu ilikuja baadaye. Kwenye picha ya upande wa jikoni naona limezama.

Hata hivyo usikimbilie kubandua. Chini yake huwa kuna mbao zilizotobolewa misumari kila mahali, na mapambo yaliyokatwa kwa msumeno ili wavu ukae sawa. Mwambie fundi afungue kipande kidogo nyuma ya nyumba, pasipoonekana, muone mbao ziko hali gani. Zikiwa zimeoza, lipu na ibaki, ila madirisha uyape fremu mpya za mbao, nene, zitokeze mbele ya lipu, na juu yake bati jembamba la kumwaga maji ya mvua. Hilo peke yake litabadili sura ya nyumba kuliko debe lolote la rangi.

Kingine, lipu yako imeshuka mpaka imezama kwenye udongo. Siku hizi kanuni za ujenzi hutaka iishie angalau inchi 4 juu ya udongo, maana ikigusa chini, unyevu unapanda na mchwa wanapita kwa nyuma bila mtu kuwaona. Punguza udongo, ung'oe na hivyo vichaka vilivyougandamia ukuta. Tangu ule moto mkubwa wa Eaton uliounguza nyumba huko kwenu Januari 2025 nadhani huhitaji kuambiwa mara mbili habari ya majani makavu chini ya madirisha. Nyufa nyembamba kama uzi zisikutishe. Lakini gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: ukisikia mvumo mtupu, lipu imeachia hapo. Tafuta kwanza maji yanaingilia wapi, ndipo uzibe. Na akija mtu kukuuzia rangi nzito kama mpira, ya kudumu maisha yako yote, mshukuru umfungie mlango. Kwenye lipu ya zamani rangi ile hufungia unyevu ndani.

Pesa yangu mimi ningeipeleka barazani. Zile nguzo nyembamba za chuma zenye maua ya kusokotwa si za nyumba ile, na paa zito namna ile juu ya vijiti linanipa wasiwasi hata kwenye picha. Nguzo za bangalo kama yako huwa nene, pana chini na nyembamba juu, zimekaa juu ya kiguzo kifupi cha matofali au mawe. Pasadena utaziona nyingi za mawe ya mviringo yaliyotolewa bonde la Arroyo Seco. Chunguza sakafu ya baraza, pengine utakuta alama ya mraba iliyozibwa kwa saruji. Hapo ndipo zilipokuwa. Piga na picha za nyumba za jirani zinazofanana na yako. Mawe ya bandia ya kubandika, hapana. Na asikuambie mtu nguzo zinabadilishwa kwa mchana mmoja: paa lazima litegemezwe, na kibali kitoke. Sisi tuliokulia barazani Tanga, tunajua mgeni anapokewa wapi. Weka na viti viwili vya maana.

Rangi ndiyo ije mwisho, na ziwe tatu: ukuta, mbao, na fremu za vioo. Ukuta ningeupa kijani cha zeituni kilichofifia au rangi ya udongo, mbao kahawia iliyokolea. Jaribu vipande vikubwa ukutani, uviangalie asubuhi na jua la saa kumi. Ila kabla ya kupiga msasa chochote, pima kama rangi ya zamani ina madini ya risasi, ni sumu. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978 tu, na wewe una mtoto anayetambaa.

Mlango usiubadilishe, ubandue rangi uone mbao gani. Taa na namba ya nyumba ni vitu vya wikiendi moja.

Kesho uliza ofisi za jiji kama mtaa wako ni wa kihistoria, kama ulivyo Bungalow Heaven tangu 1989. Ukiwa ndani yake, mbele ya nyumba huchezei bila idhini. Waulize pia habari ya Mills Act, sheria ya California ya 1972: nyumba ikikubaliwa, unafunga mkataba wa kuitunza na kodi ya jengo inaweza kupungua. Yule muuzaji wa madirisha ya plastiki uliyeniambia usimpe hata arubuni mpaka upate majibu yao.

Tutakuja baada ya Idi, shemeji yako anakuja na nyundo yake. Mama msalimie, mwambie ile achari imefika na imekwisha.

Wako,
Shoga yako wa San Diego