Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji: Mwenye duka aachwe kwenye kamati ya shule

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam.

YAH: MANENO YA KUWAONDOA WAFANYABIASHARA KWENYE KAMATI ZA SHULE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi katika halmashauri yako, mwakilishi wa wazazi. Pia nina duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa mjini: saruji, nondo, bati, misumari, rangi, makufuli na vikorokoro vingine. Nimeona nikuandikie waziwazi kwa sababu jambo lenyewe limesemwa hadharani, na waliolisikia ni wengi kuliko wanaoweza kuja ofisini kwako kuuliza.

Katika kikao cha wenyeviti wa kamati za shule, ofisa wako mmoja alisema kwamba uchaguzi ujao wa wajumbe usipitishe watu wenye maduka, kwa kuwa "mfanyabiashara haingii kwenye kamati bure, anafuata zabuni." Hakuna waraka ulioletwa. Hata hivyo neno limeshashuka kata hadi kata, walimu wakuu wameanza kushauriwa, na kuna majina yanakatwa kabla wazazi hawajakaa. Kamati ya shule ipo kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na wawakilishi wa wazazi huchaguliwa na wazazi. Kama kuna sifa mpya ya kugombea, ije kwa maandishi ikiwa na saini ya mtu, tuisome.

Niseme mapema kwamba ofisa wako hakubuni. Wajumbe wa namna hiyo wapo. Kuna anayegombea ujumbe mwezi ambao fedha za ujenzi zimetangazwa, na zikiisha humwoni tena kikaoni. Kuna ambaye hauzi kwa jina lake, ila risiti zote za shule zinatoka duka la shemeji. Sisi wa mtaani tunawajua kuliko hata wakaguzi wako, maana tunanunua mzigo kwa msambazaji mmoja na tunajua nani amechukua mifuko mingapi na kuishusha wapi.

Lakini tazama fedha zenyewe zinavyokwenda, halafu uniambie ni nani mwenye jicho la kuzifuata.

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shilingi 4,000 kati ya hizo hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule. Shule yenye watoto 600, basi, inapata laki tatu kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo, nauli ya mwalimu kwenda benki. Mzazi asiyefanya biashara akisikia laki tatu anaona ni fedha nyingi. Mwenye duka akisikia laki tatu anajua ni mauzo ya asubuhi moja yenye baraka, na anajua zinavyoyeyuka.

Sasa njoo kwenye ujenzi. Mwaka 2021 fedha za mkopo wa IMF wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, zilipokuja, madarasa 15,000 yalijengwa nchi nzima kwa milioni 20 kila moja, na mengi yalijengwa kwa fosi akaunti: shule inanunua vifaa, inatafuta fundi wa karibu, kamati ndiyo inayosimamia. Toka hapo mtindo umekuwa huo. Kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi. Hao ni wazazi, wengi wao wakulima na mama lishe, watu wazima wenye akili timamu, lakini hawajawahi kununua nondo tani moja maishani mwao. Tunawapa milioni 20 wazisimamie, halafu mtu pekee anayejua bati la geji 28 na la geji 30 yanatofautiana nini tunamwambia akae nje.

Chukua tofauti ya shilingi 2,000 tu kwa mfuko wa saruji. Kwenye mifuko 300 hiyo ni laki sita. Ni ruzuku ya miezi miwili ya shule yetu hiyo ya watoto 600, imeondoka kwenye karatasi ambayo kila mtu ameisaini.

Na hapa nikueleze jambo ambalo maofisa wako hawalisemi, labda kwa kuwa hawajawahi kukaa nyuma ya kaunta. Huku mtaani tuna kitu kinaitwa bei ya serikali. Mfuko ule ule, duka lile lile, mchana ule ule: fundi wa mtaani anatajiwa bei moja na shule inatajiwa nyingine. Ukiona hivyo utasema ni wizi, na mara nyingine ni wizi kweli. Lakini sehemu kubwa ya ile nyongeza ni bei ya kusubiri. Mimi saruji naichukua kwa msambazaji kwa fedha taslimu. Shule ikichukua mifuko 100 leo, malipo yangu yatapitia barua, muhtasari wa kikao, mfumo, saini, tena mfumo umegoma, mhasibu yuko safari. Mtaji wangu umekaa shuleni umegeuka ukuta. Hapo hapo wakati wa malipo inakatwa kodi ya zuio asilimia 2, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, natakiwa nitoe. Sina ugomvi na kodi wala risiti, ni wajibu. Ninachosema ni kwamba mwenye duka akishapiga hesabu ya miezi ambayo hatalipwa, anaipandisha bei ili asife. Wengine wanakataa kabisa kuuzia shule, na zinabaki kwa wale wachache wenye mitaji mikubwa, ambao nao wakishajua wako peke yao wanataja bei wanayotaka.

Mfumo wa NeST, ule wa manunuzi ya serikali kwa mtandao ulioanza mwaka 2023 kuchukua nafasi ya TANePS, umesaidia kuweka mambo kwenye kumbukumbu. Nausifu. Lakini mfumo unaona bei iliyoandikwa na jina la mzabuni. Uzito wa kilichoshushwa kwenye gari hauuoni.

Nikupe mfano niliouona kwa macho. Mzabuni wa shule yetu (si mimi, na si ndugu yangu) alileta nondo za milimita 12. Fuso liliingia jioni, jua limeshazama nusu, dereva ana haraka ya kurudi. Kamati ya mapokezi tuko wanne. Mwenzetu mmoja akazihesabu: idadi imetimia. Hati ya kupokelea mzigo ikatolewa, kalamu ikapita mkono hadi mkono. Ilipofika kwangu nikaomba nondo moja itolewe, nikamtuma kijana akalete mizani ya kuning'iniza ninayopimia misumari dukani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa ifikishe kilo 10 na gramu 600 hivi. Ile ilisoma kilo 8 na ushei. Tukapima nyingine, hali ni ile ile. Dereva akaanza kupaza sauti kwamba yeye katumwa tu. Mwalimu Mkuu, ambaye ni mtu mwema na alikuwa amechoka, akaninong'oneza: "Mzee, tusaini tu, shinikizo la kumaliza jengo ni kubwa, juu wanataka picha." Hatukusaini. Gari lilirudi na mzigo wake, na nondo zilizokuja baadaye zilikuwa na uzito unaotakiwa.

Zile za kwanza zingefungwa kwenye lenta la darasa la watoto wetu, zege likamwagwa juu yake, na hakuna mkaguzi ambaye angezijua tena.

Baada ya hapo nilipewa jina: mkwamishaji. Ujenzi ulichelewa, kweli. Na naambiwa kwamba katika orodha ya wajumbe ambao "wasirudi", jina langu halikosekani. Sitaki kuamini kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano, lakini nawe ungekuwa mimi ungejiuliza.

Mimi tangu nichaguliwe siiuzii shule yangu kitu kwa zabuni, na niliomba hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha kwanza. Si kwamba nina utakatifu wowote, ni kwamba nataka nikiuliza bei asitokee mtu wa kunijibu "wewe nawe." Nimekosa mauzo, na mke wangu hajaacha kunikumbusha. Hata hivyo kufuli la ofisi likikatika usiku, Mwalimu Mkuu anakuja kwangu kukopa, na namkopesha, kwa sababu hata mwalimu wa shule jirani ningemkopesha. Hilo nalo lingefaa kuandikwa mahali, maana mjumbe anayeidai shule naye ana maslahi, hata kama ni ya shilingi elfu nane.

Kwa hiyo ombi langu, Ndugu Mkurugenzi, ni kwamba ile kauli ya ofisa wako ifutwe, na ifutwe kwa barua, kwa sababu ilivyotoka kwa mdomo ndivyo inavyoendelea kuishi. Mahali pake kuwe na utaratibu ambao mjumbe yeyote, mwenye duka au mkulima anayeuzia shule mahindi ya uji, anatangaza maslahi yake mwanzo wa kikao na yanaandikwa. Likija suala linalomgusa yeye, mwenzi wake, au huyo shemeji, anatoka nje. Bei iliyokubaliwa na jina la aliyepewa vinabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, karibu na ile karatasi ya mapato na matumizi, ambapo mama anayempeleka mtoto asubuhi anaweza kusoma. Mwenye nia mbaya hatakaa muda mrefu kwenye kamati ya namna hiyo. Atajiondoa mwenyewe bila kufukuzwa.

Halafu tuitwe kabla. Hili naomba ulitilie mkazo kuliko yote. Mara kwa mara tunaitwa kikaoni vifaa vikiwa tayari vimeshanunuliwa, tunakuta muhtasari umechapwa na nafasi za saini zimeachwa. BOQ, yaani orodha ya vifaa vya ujenzi na gharama zake, tunaiona ukuta ukiwa umefika usawa wa madirisha. Kamati ikipewa BOQ hata wiki mbili kabla ya kununua, tukazunguka madukani kuuliza bei kama mtu yeyote anayejenga kwake anavyofanya, hutahitaji mjuzi wa saruji kutoka makao makuu.

Na kila shule inayojenga ipewe mizani. Bei ya kifaa hicho haifiki hata bei ya bando moja la bati.

Kuhusu malipo ya wazabuni wadogo, najua mengine yako nje ya uwezo wako. Lakini yale yanayosubiri saini ndani ya jengo lako yako ndani ya uwezo wako, na ukiyaharakisha bei ya serikali itashuka yenyewe bila semina.

Mkutano wa wazazi wa kuchagua kamati mpya uko mwezi ujao. Nimewapa nakala ya barua hii Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Mkuu na Diwani wa kata. Nitachukua fomu. Wazazi wakininyima kura nitarudi dukani kwangu, na mlango wa duka uko wazi kwa mjumbe yeyote mpya atakayetaka kuazima mizani. Ninachoomba ni jibu la maandishi kabla ya siku hiyo, kupitia kwa Mwalimu Mkuu, ili lisomwe mbele ya wazazi wote.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mjumbe wa Kamati ya Shule, mwakilishi wa wazazi,
na muuza vifaa vya ujenzi