Aliyepandikizwa figo aulizwe pia habari za ndoa na moyo wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wanawake wa Dodoma na Singida hunong'onezana tu kwenye mabenchi ya kliniki. Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2018, miezi michache baada ya Muhimbili, wagonjwa wa huku kwetu wanaipata tiba hiyo karibu na nyumbani, na kwa hilo nashukuru kwa dhati.

Namuuguza mdogo wangu aliyepandikizwa figo, na ninaandika haya kwa idhini yake. Ndugu wanaokuja kumjulia hali humuuliza habari za mkojo, presha na dawa, lakini hakuna anayethubutu kumuuliza kama anapata usingizi, wala kama yeye na mumewe wamerudiana chumbani.

Figo zinaposhindwa kazi, homoni za mwanamke huvurugika: prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, hupanda, mayai hayapevuki, hedhi hukatika na hamu ya tendo la ndoa hupotea. Figo mpya ikishika vizuri, mengi ya hayo hurejea, mara nyingi katika miezi michache tu. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mwanamke aliyekaa muda mrefu bila kuona siku zake hudhani kwamba hawezi tena kushika mimba, kumbe anaweza kuishika hata kabla hedhi ya kwanza haijaonekana. Madaktari hushauri asubiri angalau mwaka mmoja, figo iwe imetulia, na kama anatumia mikofenoleti, dawa ya kushusha kinga ya mwili ili isiikatae figo, ambayo inaweza kuharibu mimba au kumletea mtoto ulemavu, daktari awe ameibadilisha walau wiki 6 kabla ya kutafuta mtoto. Kuzaa kwenyewe si mwiko: Edith Helm wa Marekani, aliyepewa figo na pacha wake mwaka 1956, alijifungua mwaka 1958.

Kuhusu moyo, naomba tuwe na huruma zaidi. Prednisoloni, dawa nyingine ya kushusha kinga, inaweza kumkosesha mtu usingizi, kumtia hasira au huzuni, na kumjaza uso hadi asipende kujitazama kwenye kioo. Juu ya hayo kuna hofu ya mwili kuikataa figo, na uzito wa kuishi na kiungo alichokitoa ndugu yake. Kumwambia mtu wa namna hiyo, "Umeshapona, unalia nini?" ni ukatili, hata kama msemaji hakukusudia, tena sonona isiyotibiwa humfanya mgonjwa aache vidonge, na vidonge vikiachwa figo hupotea.

Waume nao huogopa kuidhuru figo iliyowekwa chini ya tumbo. Kidonda kikishapona na daktari akaruhusu, tendo la ndoa haliidhuru, na ukavu au maumivu yana tiba iwapo yatasemwa.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya iagize kila mwanamke aliyepandikizwa figo azungumze faraghani na muuguzi kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, achaguliwe njia ya uzazi wa mpango inayopatana na dawa na presha yake, apimwe mara kwa mara saratani ya mlango wa kizazi, ambayo humnyemelea zaidi mwenye kinga iliyoshushwa, na aulizwe habari za usingizi na huzuni kila anapohudhuria kliniki. Mumewe naye, mgonjwa akiridhia, aitwe asikie mwenyewe kutoka kwa mtaalamu.

Msomaji wako,
Mpwapwa, Dodoma