Tukiuliza hovyo tutajibiwa "mchakato unaendelea"

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi na mimi nitoe dukuduku langu. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma, na kwa kazi hii nimeona mteja anayejua kuuliza anakuja na nusu ya jibu mkononi. Wengi wanakuja na "fundi, mashine mbovu, tatizo nini?" sasa hapo mimi nitajuaje, nafungua kabureta, nachomoa plagi, hela yako inaliwa bure. Juzi kaja kijana mmoja mvuvi akaniambia hivi, inawaka vizuri tu, nikienda kama dakika kumi inazima, nikifungua mfuniko wa tenki nichungulie mafuta inawaka tena, kwa nini? Sikushika hata spana. Kile kitundu cha hewa cha kwenye mfuniko kilikuwa kimefungwa, hewa haiingii kwa hiyo mafuta hayavutiki. Sikumchaji, ningemchaji nini.

Halafu sisi wa huku kwa maswali si wageni jamani. Wale wazungu wapelelezi Burton na Speke walifika Ujiji 1858, wakawa wanahangaika na mto Rusizi kule kaskazini, unaingia Ziwa Tanganyika au unatoka? Maana kama unatoka, basi huenda maji yetu ndo yanaenda Nile. Wakaambiwa hivi, wakaambiwa vile, na mdomoni mwa mto hawakufika. Ila swali lenyewe halikuwa na pa kuchomokea, ndo maana Stanley na Livingstone walivyopanda mtumbwi 1871 kwenda kujionea walirudi na neno moja, unaingia.

Sasa njoo kwenye mikutano yetu ya mtaa. Wiki iliyopita tuliitwa kuhusu maji, jamaa yangu kasimama dakika tano nzima anahutubia, akamalizia "je, mnatujali wananchi?" Mtaalamu akajibu tunawajali sana, mchakato unaendelea, makofi. Mwingine akauliza maswali manne kwa mpigo, akajibiwa lile jepesi, akakaa chini karidhika kabisa!

Akasimama mama mmoja anauza dagaa, wala hakupandisha sauti. "Baba, mtaa wa chini maji wanapata Jumanne na Ijumaa, huku juu hatuyaoni. Koki ya huku anafungua nani, na anafungua saa ngapi?" Kimya. Mtaalamu kapekua makaratasi, kaona haisaidii, kapiga simu palepale mbele yetu. Kumbe koki inafunguliwa kila Ijumaa saa nane usiku, saa kumi inafungwa, yani miezi yote hiyo maji yanatoka tumelala!

Ijumaa nikaamka, nikajaza ndoo sita na pipa. Mkutano mwingine ni Jumapili, na swali langu nimeshaliandika nyuma ya boksi la plagi: nani aliamua iwe saa nane usiku?

Fundi wa boti,
Kibirizi, Kigoma