Barua ya malalamiko: ripoti ya bei ya Land Cruiser lililofanyiwa marekebisho

Malindi 80200

Kwa Meneja,
Idara ya Ukadiriaji wa Magari.

Bwana/Bibi,

MINT: RIPOTI YENU YA BEI YA KUUZIA TOYOTA LAND CRUISER HZJ79

Barua hii inatoka kwa watu ambao kwa kawaida hawatii saini karatasi moja: anayeuza gari, anayetaka kulinunua, na fundi waliyemwita wote wawili. Makubaliano yalikuwa kwamba bei atakayoitaja mkadiriaji ndiyo itakayolipwa, na ada ikagawanywa nusu kwa nusu. Ripoti imefika, na hakuna upande unaoweza kuitumia. Hatusemi bei ni ndogo, wala hatusemi ni kubwa. Hizo shilingi 3,808,000 huenda zikawa karibu na haki kwa bahati tu. Tunalosema ni kwamba ripoti haionyeshi zilivyopatikana, na pale inapoonyesha kidogo, inamkosea muuzaji mstari huu na mnunuzi mstari ufuatao.

Hesabu yenu yote imo katika mistari mitatu. Bei ya msingi 3,400,000. Mkatoa asilimia 8 kwa ajili ya kilomita, yaani 272,000. Kisha mkaongeza 680,000 kwa "marekebisho", ambazo ni asilimia 20 ya bei ya msingi kwa mkupuo mmoja.

Tuanze na bei ya msingi, maana ikipinda hiyo kila kitu kinapinda. Mmelinganisha na magari matatu. La kwanza ni Prado 150. Prado ile haina ekseli nzima mbele, kila gurudumu lina mkono wake, na umeme wake ni mwingi. HZJ79 ina ekseli nzima mbele juu ya springi za koili, nyuma springi za majani, na injini ya 1HZ ya silinda sita, cc 4,164, isiyo na turbo kutoka kiwandani. Anayetafuta hili hatafuti lile, na bei zake hazipandi wala kushuka pamoja. Gari la pili ni pikapu yenye kitanda chake cha awali, ilhali hili lilikatwa likawa gari la safari lenye paa la kufunguka. Limebaki moja tu la kulinganishwa nalo, na kwa moja huwezi kusema "wastani wa soko".

Kuhusu kilomita hatuna ugomvi mkubwa. Mita inasoma 184,000. Matairi ya 285/75R16 yalifungwa ilipokuwa 112,000, na kabla ya hapo lilitembelea 235/85R16. Kipenyo cha tairi jipya ni kama milimita 834, cha zamani 806, kwa hiyo tangu yabadilishwe mita inapunguza kwa karibu asilimia 3.5. Kilomita 72,000 za mita ni karibu 74,500 za barabarani. Tofauti ni 2,500 hivi, si kitu cha kuvunja biashara, lakini mkadiriaji anayekata pesa kwa kilomita alipaswa kuiona. Zaidi ya hapo, gari la safari huchakaa likiwa limesimama. Injini inanguruma saa nzima watalii wakitazama simba Tsavo Mashariki na mita haisogei. Kupima mvuke unaotoka kwenye kifuniko cha oili na kulinganisha mgandamizo wa silinda zote sita kungewaambia mengi kuliko mita. Vilevile mngeuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kwa 1HZ mkanda huo huhesabiwa kila kilomita 100,000, ingawa masoko mengine hukubali 150,000, na neno "mkanda" halimo katika ripoti.

Sasa hizo asilimia 20. Hapa ndipo penye malalamiko yetu hasa.

Marekebisho ya gari la porini si kitu kimoja. Kuna yanayofunguka kwa spana, gari likabaki lilivyokuwa. Kuna yanayobadilisha namna gari linavyotembea, na thamani yake inategemea kama kazi ilikamilishwa. Na kuna yaliyokata chuma, ambayo hayarudi nyuma. Kundi la kwanza lina bei yake mezani, la pili huongeza au kupunguza, la tatu mara nyingi hupunguza, isipokuwa kwa mnunuzi wa aina moja. Kuyatia yote kapu moja na kuyapa asilimia ni kama kupima samaki na barafu yake pamoja.

Vya kufungua kwa spana ni winchi (mashine ya kujivutia gari likikwama) yenye nguvu ya kuvuta ratili 12,000, keria ya juu, taa za ziada, friji na betri ya pili. Kila kimoja bei yake ni ile ambayo kingeuzwa leo kikiwa mtumba, ukitoa kazi ya kukifungua. Risiti alizoleta muuzaji zinasaidia kujua muundo na mwaka, basi. Ujira wa kufungia haurudi kwa mtu yeyote. Winchi ilipaswa kuvutwa ikiwa na mzigo, si kubonyezwa swichi hewani. Hapa pwani mota za winchi hufa kwa kutu zikiwa bado zinalia vizuri bila mzigo. Betri ya pili mmeiandika kama nyongeza bila kutazama waya wake: hakuna fyuzi upande wa betri kubwa, na viungo viwili vimesokotwa na kufungwa tepu, ndani vimegeuka kijani. Volti zikipimwa huku friji inafanya kazi, betri ya pili inapata chini ya ile ya kwanza kwa zaidi ya volti moja. Mnunuzi atalipia waya mpya, na hiyo ni punguzo.

Snokeli, bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu, mmeiweka katika kundi hilihili, na hapo mmekosea kabisa. Kwanza, ukiifungua inaacha tundu kwenye fenda. Pili, ya gari hili haifanyi kazi. Kipimo chake hakigharimu kitu: injini ikiwa inaenda polepole, ziba mdomo wa snokeli kwa kiganja. Ikiwa viungo vimezibwa sawasawa, injini itakosa hewa na kuzima. Hii haikuzima. Inavuta hewa kupitia kiungo cha kwenye boksi la filta, kwa hiyo likiingia mtoni maji yatapita hapohapo. Kwa sasa ni bomba la mapambo.

Springi zimeinua gari kwa milimita 50. Tunaambiwa hili ni "uboreshaji wa kiwango cha juu". Kuinua gari lenye ekseli nzima kwa kiasi hicho hupunguza kasta, ule mwinamo wa kingipini (mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia) kuelekea nyuma, kwa takriban digrii 2. Matokeo yake usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na ukipita kilomita 80 kwa saa gari linatangatanga. Dawa ni bushi zenye tundu la pembeni kwenye mikono ya ekseli ya mbele. Hazikufungwa. Fimbo ya panadi, inayozuia ekseli isisogee kando, nayo ni ileile ya awali, kwa hiyo ekseli imesogea upande mmoja. Ukipima kutoka ukingo wa tairi hadi chasisi kushoto na kulia utaona. Hosi za breki hazikurefushwa, na zinakazana ekseli inaposhuka mwisho wake. Kazi hii imefanywa nusu. Anayenunua atatumia pesa kuimaliza, ilhali ripoti inamtoza kana kwamba imekamilika.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu springi, na wakadiriaji wengi hulipita. Springi hizi za mbele zilichaguliwa kubeba bampa ya chuma na winchi daima. Muuzaji akifungua winchi na bampa akauza kando, mbele itapanda, gari litakuwa gumu na kurukaruka kwenye makunyanzi ya murram. Nyuma ni hivyohivyo: tanki la lita 180 likijaa ni karibu kilo 150 za dizeli. Vitu hivi vinategemeana. Ripoti ilipaswa kusema bei ni ya gari likiwa na vitu vyote, au likiwa limevuliwa, na kutoa tarakimu mbili. Sisi tunazihitaji zote mbili, kwa sababu winchi bado ni suala la majadiliano kati yetu.

Tunafika kwenye chasisi. Ukurasa wa kwanza wa ripoti unasema umbali wa ekseli hadi ekseli ni milimita 3,180. Hicho ni kipimo cha kiwandani cha HZJ79. Gari hili lina milimita 3,560. Lilirefushwa ili kuongeza safu ya viti, kama yalivyo magari mengi ya safari nchini. Maana yake mkadiriaji hakutoa utepe wa kupimia. Alinakili tarakimu mahali fulani akaenda zake. Na kurefusha chasisi ndilo jambo kubwa kuliko yote katika gari hili.

Chasisi iliyorefushwa vizuri huungwa kwa bamba zilizokatwa umbo la almasi au mshazari, ili nguvu isikusanyike katika mstari mmoja wima. Palipochomelewa wima tupu, ufa huanza kwenye ukingo wa chini wa weldingi, hasa kwa gari linalobeba watu na kupita matuta. Huonekana kwanza kama uzi wa kutu juu ya rangi. Propela shafti ndefu inahitaji beringi ya katikati, na beringi hiyo ikiwa imekaa kombo gari hutetemeka wakati wa kuondoka. Vipimo vya mshazari, kutoka kona ya mbele kushoto hadi nyuma kulia na kinyume chake, visipishane zaidi ya milimita chache. Sisi tumevipima: chasisi imenyooka, bamba ni za mshazari, na hatukuona ufa. Ni habari njema kwa muuzaji, na ripoti yenu imemnyima.

Paa la kufunguka lilikatwa, likapewa fremu ya chuma ndani, na fremu ni imara. Raba zake zimekauka kwa jua na mvua inaingia juu ya kiti cha pili. Kwa mwenye kampuni ya safari inayoingia Tsavo kwa lango la Sala, paa hili ni pesa. Kwa mkandarasi wa Gongoni anayetaka kubeba mabomba, ni hasara, kwa sababu pikapu haipo tena. Ripoti haitaji mnunuzi wa aina gani anafikiriwa, na bila hilo tarakimu ya paa haiwezi kuandikwa. Tena logibuku, yaani hati ya usajili, bado inasema pikapu. Aina ya bodi lazima irekebishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, baada ya ukaguzi, na gharama na muda wa kazi hiyo ni sehemu ya bei. Hamkutaja.

Kuhusu kutu mmeandika neno moja: "kawaida". Kawaida ya wapi? Ya Nakuru au ya Mambrui? Chini ya gari kumepakwa lami nyeusi mpya, na lami mpya juu ya gari la zamani ni sababu ya kuchukua nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilicholika hutoa sauti nzito na lami hubanduka. Pa kugonga ni nyuma ya vishikio vya springi za nyuma, juu ya chasisi chini ya raba za bodi, na kwenye matundu ya ubavuni ambamo mchanga huingia na kukaa na unyevu wake. Kisha mfereji wa kioo cha mbele, chini ya milango, na kishikio cha radieta. Katika gari hili kishikio cha springi cha nyuma kulia kimelika kiasi cha kuhitaji bamba jipya. Ni kasoro moja ya maana, inatengenezeka, na mnunuzi ana haki ya kuiona kwenye karatasi.

Turbo pia mmeihesabu kuwa nyongeza. Iliongezwa karakanani. 1HZ ina mgandamizo wa 22.4 kwa 1 na vyumba vidogo vya kuwashia kwenye silinda hedi; ikisukumiwa hewa na dizeli zaidi, joto hupanda na hedi hupasuka kati ya vali. Gari hili halina geji ya joto la moshi. Wanunuzi wanaojua injini hii hushusha bei wakiiona turbo bila geji, na wana sababu.

Matairi ni "mazuri sana", mnasema. Kashata, yaani meno ya tairi, ni nene, kweli. Namba ya tarehe ubavuni ni 2317, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2017, na ubavu umeanza nyufa. La akiba ni 235/85R16, kipenyo kingine kabisa. Likifungwa nyuma upande mmoja difu, zile gia za ekseli zinazoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti, itafanya kazi kila mita ya safari.

Tunataka ukaguzi mpya, bila ada ya pili, ndani ya siku 14, na ripoti inayotenga bei ya msingi kwa magari ya aina moja, kila kifaa cha kufungua kwa bei yake, na gharama ya kila kisichokamilika au kilicholika. Mtaje pia mnunuzi mliyemfikiria. Mgawanyo huo utahitajika hata kwa bima, kwani hakuna atakayelipa fidia ya "marekebisho 680,000" yasiyo na majina. Mkishindwa, rudisheni ada kwa pande zote mbili, kila upande nusu yake.

Gari liko juu ya shimo la ukaguzi karakanani, siku za kazi kuanzia saa mbili asubuhi. Atakayekuja aje na utepe wa mita 5, tochi, nyundo ndogo, kipima volti, na ovaroli.

Ni sisi,

Muuzaji
Mnunuzi
Fundi