Barua kwa mwanangu: ukiona ukunjo, bonyeza

Mwanangu Mwanaidi,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Unasema huko Sunderland unakokwenda, kwenye kiwanda cha betri za magari, wamekupanga idara ya kupanga tabaka za seli, na "kazi yenyewe nyepesi mama, mashine ndiyo inapanga." Hilo neno nyepesi ndilo limeninyima usingizi. Sanduku lako bado liko wazi ukumbini na nusu ya nguo hazijakunjwa, lakini hayo baadaye.

Mashine inapanga, ni kweli. Inaweka anodi (karatasi ya upande hasi), inapitisha utando, inaweka kathodi (karatasi ya upande chanya), inarudisha utando upande wa pili, na kuendelea hivyo hadi seli itimie. Ila haijui ilipokosea mpaka ioneshwe na kamera, na kamera haioni kilicho chini ya karatasi ya tano. Shaba ya anodi ina unene wa mikroni 8 hadi 10, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Aluminiamu ya kathodi ni 15 hivi. Utando unaozitenganisha ni 16, labda 20 ukihesabu na kauri iliyopakwa juu yake. Unywele wako ni mnene mara tatu au nne kuliko utando huo. Sasa niambie wepesi uko wapi.

Cha kwanza kuangalia kila zamu ni pembe. Anodi izidi kathodi pande zote nne, milimita 1 hadi 2, na utando uzidi anodi. Kathodi ikichungulia nje, lithiamu ya ukingoni inavuka na kukosa pa kuingia. Inalala pale pale ikiwa metali tupu, na chaji baada ya chaji inaota sindano. Usitosheke na wastani wa kundi, kwa maana wastani unaweza kuwa mzuri huku karatasi moja katikati imesogea. Omba picha ya eksirei ya seli uliyoichagua mwenyewe, si ile uliyoletewa.

Pili, utando. Ukivutwa sana unapangwa vizuri machoni, halafu ukipashwa joto unanywea na kingo za anodi zinabaki uchi. Ukilegea unafanya ukunjo, na ukunjo huanzia kwenye kona ambako utando unageuka. Kila roli mpya ikifungwa, tupa seli za mwanzo hadi mvuto utulie, hata wakikuambia ni hasara. Na hewa ya chumba ikiwa kavu namna ile, umemetuamo (umeme wa msuguano) unagandisha karatasi mbili pamoja: mkono wa mashine unanyanyua mbili ukidhani ni moja. Kipimo cha unene kikilia, usikizime kwa kuwa jana kililia bure. Safisha kwanza kipuliza ioni, kile kinachoua umeme huo.

Ukiona ukunjo, Mwanaidi, bonyeza kitufe chekundu. Usisubiri seli iishe.

Unakumbuka habari ya magari ya Chevrolet Bolt, mwaka 2021, tulipoisoma wote hapa. Kampuni iliyaita magari kama 140,000 yarudishwe kwa hatari ya kuwaka moto. Sababu waliyoitoa ilikuwa kasoro mbili zilizokutana ndani ya seli moja: ulimi wa anodi (kile kipande cha kutolea umeme) uliochanika na utando uliokunjika. Kila kasoro peke yake ilikuwa adimu. Zile zilikuwa seli za mfuko, za tabaka, kama hizo utakazozishika wewe. Seli mbovu haikujulishi mlangoni. Inapimwa, inapita, inafungwa kwenye gari, inalala hapo miezi, halafu usiku mmoja gari limeegeshwa uani kwa watu.

Ulimi unachanikaje? Mara nyingi ni kwenye kulehemu kwa mtetemo. Karatasi nyingi za shaba zinabanwa na kusuguliwa hadi zishikane na ulimi mmoja. Nguvu ikipungua, karatasi za nje hazishiki. Ikizidi, zinapasuka kwenye shina, pale ambapo jicho halifiki. Meno ya kichwa cha kulehemu yanalika polepole, na mafundi huongeza nguvu kufidia badala ya kubadilisha kichwa. Wewe chukua sampuli mwanzo wa zamu, uivute hadi ikatike. Ikikatika karatasi yenyewe na doa la kulehemu likabaki, vizuri. Ikibanduka safi, weko ni hafifu. Ikikatika kwenye mstari ulionyooka karibu na shina kwa nguvu ndogo, ulishaichana wakati wa kulehemu. Simu za Galaxy Note7 za mwaka 2016, betri za mtengenezaji wa pili, ziliponzwa na miiba mirefu ya kulehemu kwenye upande chanya iliyotoboa utepe na utando. Jambo dogo vile.

Na visu vya kukatia. Kisu kikichakaa hakiachi kukata, kinaacha miiba ukingoni. Mwiba wa mikroni 20 umeshaushinda utando wa 16. Kwa hiyo hesabu mapigo ya kisu, weka ukingo chini ya darubini kwa ratiba, na kibadilishwe kabla ya kikomo, wala si baada ya kukuonesha miiba. Wakikata kwa leza, tatizo ni cheche zinazoganda: angalia mfumo wa kunyonya vumbi na vichujio vyake kuliko unavyoangalia leza yenyewe.

Vumbi la chuma nalo lina adabu zake mbaya. Chembe ya chuma ikiangukia upande wa kathodi, siku hiyo haifanyi kitu. Seli ikichajiwa volti inapanda, chembe inayeyuka, inapita kwenye utando kama ioni na kuganda upya upande wa anodi, ikijenga daraja la kurudia ilikotoka. Ndiyo maana kipimo cha volti kubwa kabla ya kujaza elektroliti (kimiminika cha ndani ya seli) hakitoshi. Kinakamata kilichokwisha kugusana. Kitakachogusana wiki ijayo hakikioni. Hicho kinakamatwa rafuni tu: baada ya chaji ya kwanza ya polepole na kutoa gesi, seli inapumzishwa, volti inapimwa, inaachwa siku kadhaa, inapimwa tena kwenye joto lile lile. Zote hushuka kidogo. Inayoshuka kuliko wenzake wa kundi moja ina upenyo, hata kama bado iko ndani ya kikomo kilichoandikwa.

Siku za rafuni ndizo watakazotaka kuzikata, kwa kuwa seli rafuni ni pesa iliyolala. Hilo si la ngazi yako kuamua. Lakini wakikuuliza, sema. Na wasipokuuliza, sema.

Hapo ndipo ninapokuogopea. Ripoti yako ya mwisho chuoni nimewaonesha mtaa mzima, hadi mashoga zangu wasioelewa hata mstari, na sitaacha. Ila kurasa za vipimo uliziandika kama mtu anayeomba radhi. "Inaonekana huenda." Mtu mzima akisema jambo unainamisha kichwa. Najua umelitoa wapi. Mtoto anayekatazwa kila siku kujibu mbele ya wageni haamki asubuhi moja akamwambia msimamizi wa miaka hamsini kwamba mstari wake una kasoro. Basi. Kule hutakuwa unajibizana, utakuwa unatoa vipimo. Usiseme "naona kama kuna tatizo." Sema namba ya seli, saa, kona ya juu kushoto, anodi imezidi kathodi kwa milimita 0.4 tu na kikomo cha chini ni 1. Kisha bonyeza, kisha msalimie, kwa mpangilio huo.

Chumba kikavu: kipimo cha umande huwa nyuzi hasi 40 au chini zaidi, kwa kuwa maji yakikutana na chumvi ya elektroliti yanazaa asidi ya floridi, nayo inakula kila kitu humo ndani. Mtu mmoja anayepumua ni chanzo cha maji, ndiyo maana wanahesabu watu. Usimwingize rafiki akusalimie. Koo litakukauka na midomo itapasuka. Kunywa maji mengi kabla na baada. Wanja na poda uache nyumbani, ni chembe. Bangili za shaba za bibi yako, hata usizifunge mkononi asubuhi ukasema utazivua mlangoni. Ushungi wa pamba unatoa nyuzi, uliza mapema wana kofia gani ya kufunika kichwa chote, usingoje siku ya kwanza uaibike.

Roli za elektrodi zikitoka kwenye kikausho cha ombwe zisikae nje zikisubiri chakula cha mchana. Zinavuta unyevu kama chumvi ya jikoni kwetu wakati wa masika. Kama mstari umesimama muda mrefu, zirudishwe zikakaushwe upya.

Nimekuwekea sweta mbili na kilo moja ya unga wa muhogo, usinibishie. Karafuu nimezifunga kwenye chupa, mfuko ulipasuka. Ada ya Salimu ya muhula huu nimeshalipa, kwa hiyo usianze kutuma pesa mwezi wa kwanza. Lipa kodi ya chumba na ununue viatu vya baridi. Simu ya bibi yako imevimba mgongo, kifuniko kimeinuka, na alikuwa bado anaichaji usiku kando ya mto wake. Nimeizima na kuiweka kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya banda la kuku. Salimu alitaka kuitoboa kwa pini ili gesi itoke. Mpigie Salimu umweleze wewe, mimi ameshachoka kunisikia. Fundi bati anakuja Jumatano, kwa hiyo nguo zako zilizoko kwenye kamba njoo uzitoe kabla vumbi halijaanza.

Mama yako